Milima Yetu Haikusukumwa

Kwa miaka kumi na minne nilidanganya watoto wa watu, na nilidanganya kwa kikwembe changu mwenyewe.

Nafundisha jiografia katika lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, hapa Bukavu. Kila mwaka tulipofika kwenye somo la milima, nilifungua kikwembe nilichojifunga juu ya sketi, nikakitandaza mezani, nikaita wasichana wawili mbele. Mmoja alishika upande huu, mwingine upande ule, nikawaambia wasukume polepole kuelekeana. Kitambaa kilijikunja, kikainuka katikati, mikunjo ikapanda juu ya mikunjo. Darasa lilifurahi, maana siku ya kikwembe hapakuwa na mengi ya kuandika. Niliwaeleza kwamba ganda la dunia limekatika vipande vikubwa, kwamba vipande hivyo vinatembea juu ya mwamba wa moto ulio laini kidogo, na kwamba viwili vikigongana, ardhi hujikunja namna hii. Halafu, na hapa ndipo nilipojisikia mwalimu kweli, nilisogea dirishani na kunyoosha kidole upande wa Kabare, na mlima Kahuzi nyuma yake siku ambazo ukungu ulikuwa umeuachia. Nikasema ile nayo ni hivyo hivyo.

Si hivyo hivyo. Aliyenionyesha kosa langu hakuwa mkaguzi wala kitabu. Alikuwa baba yangu, fundi mwashi aliyeacha shule mwaka wa nne wa msingi, na alinionyesha bila kuinuka kwenye kiti chake.

Nyumba ya Papa ilikuwa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, upande wa juu, kule ambako baraza ya mtu inatazama mabati ya jirani wa chini na jirani wa juu anatazama mabati yako. Aliijenga yeye na mama. Mama alivunja mawe ya msingi kwa nyundo, akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha, kisha akayapandisha mgongoni kwa mkanda uliokaa kwenye paji la uso, safari baada ya safari, mimi nikiwa tumboni na baadaye mgongoni juu ya mawe, kama walivyopenda kunisimulia. Papa alipanga, mama akabeba. Mama alipofariki, miaka sita sasa, tulidhani Papa atakuja kukaa nasi Mudaka, nje ya mji, ambako mimi na mume wangu tuna nyumba na shamba la maharage. Hakuja. Alisema nyumba haiwezi kubaki peke yake, kama vile nyumba ndiyo iliyofiwa.

Sasa, mtu asiyekaa Kadutu lazima aelezwe jambo moja. Mteremko ule unatembea. Si siri, kila mtu anajua. Mlango ukikataa kufunga, watu wanaita seremala aupunguze ubao kidogo, maisha yanaendelea. Ngazi ikiachana na baraza, watu wanaongeza jiwe moja. Nimewahi kuona familia inabadilisha upande wa kuweka meza kwa sababu sahani zilikuwa zinateleza, na hakuna aliyesema neno, kila mtu alihama na kiti chake. Si ujinga. Mtu ana kiwanja kimoja tu, amekitolea jasho la maisha yake, utamwambia aende wapi?

Papa, kwa kuwa ni fundi, alikuwa na namna yake ya kuishi na jambo hilo. Kila ufa ulipoonekana ukutani, alikoroga plasta kidogo, akapaka kiraka chembamba cha kukatiza ule ufa, upana wa kiganja, na kabla hakijakauka aliandika tarehe juu yake kwa msumari. Mafundi wa kwetu wanakiita temwe, neno walilolichukua kwa Wafaransa, yaani shahidi. Kiraka kikibaki kizima, nyumba imetulia. Kikipasuka, nyumba inatembea, na tarehe inakuambia imetembea tangu lini. Ukuta wa sebule ulikuwa umejaa viraka hivyo kama suruali ya mchimba dhahabu. Nilimtania mara nyingi kwamba wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini yeye hazibi, anaandika tarehe tu. Alinijibu kwamba kuziba ufa bila kuujua ni kumfunga mgonjwa mdomo ili asilalamike.

Basi siku moja, Jumapili, baada ya misa, nilipanda kumwona. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mama aondoke. Nilimkuta amekaa mbele ya ukuta, kofia mkononi, chai imepoa. Viraka viwili vilikuwa vimepasuka katika wiki moja. Hakusema anaogopa, Papa hajui kutamka neno hilo, lakini alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye dari. Nikaona huruma. Nikataka kumpa kitu cha kumtuliza, na mimi nina kitu kimoja tu maishani cha kumpa mtu, nacho ni somo.

Nikafungua kikwembe. Nikakitandaza kwenye meza yake ya chakula, nikamwambia ashike upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukasukumana. Mtoto wa miaka thelathini na mingi na baba yake, wanasukumana kitambaa. Mikunjo ikapanda. Nikamweleza kwamba nyufa zake hazikuwa za ajabu: ni mlima unazaliwa, na mlima hauna haraka. Nikamwambia kwamba ukucha wake unaota kwa kasi kuliko ardhi inavyotembea. Nikamwambia mamilioni ya miaka, nikalitamka neno hilo kwa utamu, kama padri anavyotamka uzima wa milele.

Papa alitazama ukucha wa kidole gumba chake kwa muda mrefu. Halafu akacheka. Siku hiyo alikula bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, hadi akalamba sahani, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba. Niliteremka Kadutu nikijisifu njia nzima. Nilisema moyoni kwamba diploma yangu hatimaye imemsaidia mtu.

Hilo ndilo kosa ninalotaka kulieleza hapa, na lile la darasani ni mdogo wake tu.

Mvua za miaka iliyofuata zilikuwa mbaya. Viraka vilianza kupasuka kabla tarehe haijakauka vizuri. Kisha, Novemba moja, jiko la jirani wa chini liliondoka na udongo, sufuria na makaa na vyote. Ilikuwa mchana, mwenye jiko alikuwa sokoni, hakuna aliyeumia. Nilipopata habari nilipanda moto, yaani pikipiki, kutoka shuleni moja kwa moja, na chaki bado vidoleni. Nilimkuta Papa anamsaidia jirani kutoa mabati kwenye matope, anapiga hadithi, ametulia kabisa. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia leo anafunga mizigo, anakuja Mudaka, chumba kiko tayari.

Akanitazama kwa upole, kama ananionea huruma kwa kusahau somo langu mwenyewe.

"Weye njo ulinifundisha," akasema. "Ukucha inaota mbio kuliko mulima. Mi niko na septante-quatre ans, maman. Nikimbie nini?"

Miaka sabini na minne, na hakuona cha kukimbia. Papa huniita maman anapokuwa na furaha na mimi, na siku hiyo alikuwa na furaha sana. Niliona waziwazi nilichokuwa nimekifanya. Wenzake wote wa mtaa waliogopa nusu nusu, na hofu hiyo ndiyo iliyowaamsha mvua ikipiga, ndiyo iliyowatoa nje na watoto. Baba yangu peke yake alikuwa analala usingizi mzito, kwa sababu binti yake mwenye diploma alimwambia kuna muda.

Nilijaribu kujieleza, nikavurugika. Nilisema ile ilikuwa habari ya milima mikubwa, hii ni habari nyingine. Akauliza nyingine ipi, si nilimwonyesha kwa kikwembe mezani? Tukaingia ndani. Akanipeleka mbele ya ufa mkubwa wa sebule, ule ambao sasa mkono wa mtoto ungeweza kuingia, na hapo ndipo aliponipiga pigo la pili, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha msaidizi wake kazini.

"Hata ile kikwembe yako, uliangaliaka muzuri? Kama bintu binasukumana, ukuta inavimba, inatoa tumbo. Huyu haina tumbo. Inafunguka. Kuko kitu inavuta."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mama, na hakuna kinachoziamsha kama kusahihishwa jambo ninaloliweza. Nikamwambia mlima si ukuta. Akasema kila kitu ni ukuta. Nikashuka bila kuaga vizuri.

Lakini usemi wake ulinikaa kichwani kama mfupa wa sambaza kwenye jino. Kesho yake, saa ya mapumziko, nilichukua kitabu cha darasa na kukisoma kama mtu asiyekijua. Milima ya mikunjo, mabara yanagongana: picha zilikuwa za Ulaya na za India. Kwetu hapakuwa na picha. Kwetu palikuwa na mstari mmoja mwishoni, na mimi kwa miaka kumi na minne nilikuwa naupita mbio kwa sababu kengele hupigwa karibu na hapo. Mstari ulisema kwamba Afrika ya Mashariki inapasuka.

Nilienda kwa mwenzangu anayefundisha chuo kikuu, nikaazima vitabu viwili vya Kifaransa, nikavisoma wiki nzima nikipika. Papa alikuwa sahihi. Hapa kwetu hakuna anayesukuma. Bara linavutwa, upande wa mashariki unajitenga na upande wa magharibi, na mahali linapovutika panakuwa pembamba, panakatika, katikati panazama. Ziwa letu limekaa katika huko kuzama. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Rwanda ni bega moja la jeraha hilo, na milima yetu hii ya Mitumba ni bega la pili. Zamani maji ya ziwa yalienda kaskazini, hadi volkano za upande wa Goma zilipoinuka na kuyafungia njia, yakarudi huku kwetu na kujitafutia mlango wa mto Ruzizi. Yote hayo kwa sababu ya kuvutwa.

Kilichonitatiza ni mabega. Kama ardhi inavutwa na kuzama, kwa nini kando zinapanda juu? Nilipoelewa, nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi na nilicheka peke yangu. Ganda la dunia linaelea. Ukitoa mzigo juu yake, linapanda, kama pirogi, ule mtumbwi wa mbao, pale Minova akina mama wanaposhuka na magunia yao: mbao zinainuka kutoka majini bila mtu kuzinyanyua. Bonde likikatika na kuzama, kando zake zinapunguziwa mzigo, zinapanda. Na huko chini kabisa mwamba ni wa moto kuliko kawaida, nao unasaidia kuinua. Polepole, na kila baada ya muda tetemeko dogo, ambalo sisi tunasema tu "limepita" na kuendelea kuongea.

Kikwembe changu nacho hakikuwa uongo mtupu, na nilishukuru kwa hilo maana kila mtu anahitaji sehemu ya kujifichia aibu. Mawe ya kule Mwenga, yale yenye dhahabu, yamejikunja kweli. Zamani sana, kabla ya mnyama yeyote kutembea juu ya nchi kavu, palikuwa na mgongano hapa na milima ya mikunjo. Ile ikasagwa na mvua hadi ikaisha, ikabaki shina tu. Halafu ndipo uvutaji huu wa sasa ulipokuja kuinua shina lile pamoja na lava iliyomwagika juu yake. Milima tunayoiona ni ya pili.

Darasani nilifuta kosa langu mbele ya wasichana. Sikufanya hivyo kwa ushujaa, nilifanya haraka haraka, nikitazama ubao. Nikawaambia nilichokisema dirishani mwezi uliopita hakikuwa kweli, na kwamba fundi mmoja wa Kadutu ndiye aliyeniambia. Wakaandika. Msichana mmoja aliuliza kama dada zake wakubwa, niliowafundisha mimi pia, waambiwe. Nikasema ndiyo, waambiwe.

Kumwambia Papa ilikuwa kazi nyingine. Nilipanda Jumapili iliyofuata na nikaanza na habari njema: yeye alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Alifurahi kupita kiasi. Alitaka nimweleze yote, la ziwa, la pirogi, la mabega, na nilipofika kwenye mikunjo ya kale ya Mwenga alipiga paja. Akasema basi hata Mungu alijenga juu ya msingi wa nyumba ya zamani, na fundi hodari hafanyi hivyo bila kuupima kwanza. Akanikatia muwa. Nilikuwa nampenda sana dakika ile, na niliona ni vibaya kuendelea, lakini nikaendelea.

"Papa, mulima inapanda pole pole," nikamwambia. "Lakini udongo yenye iko juu yake inashuka mara moja."

Nikamweleza kwamba kuna saa za aina mbili hapa, ya mlima na ya udongo, na mimi nilimpa moja tu. Mlima ukipanda, unakuwa mkali, na kila kilicho juu yake kinataka kurudi chini. Lava ya zamani chini ya Kadutu imeoza kuwa udongo mwekundu wa mfinyanzi, yeye mwenyewe ameuchimba mara elfu. Maji ya mvua yanaingia, na ya kufulia, na ya vyoo, juu yake tumepanga nyumba kama mikate, na udongo ukishashiba unateleza. Kupanda kunahitaji mamilioni ya miaka. Kushuka kunahitaji mvua moja nzuri. Nyufa zake hazikuwa mlima unaozaliwa. Zilikuwa mteremko unaoondoka, na yeye yuko juu yake.

Alitafuna muwa. Kisha akasema saa ya kwanza ameipenda zaidi.

Wiki tatu tulibishana. Nilimletea mume wangu, akazungumza naye kiume, wakaishia kuongea habari za maharage. Nilimletea padri wa parokia, naye alipouona ufa alisema ataombea. Nilichora. Nilipiga hesabu za viraka, jinsi vilivyopasuka kwa kasi zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, na Papa akasifu hesabu zangu. Kila nilipomaliza, alirudi kwenye ukucha wake. Nadhani alikuwa amejua. Fundi wa miaka hamsini hahitaji mwalimu kumwambia ukuta unaelekea wapi. Lakini somo langu la kwanza lilikuwa limempa ruhusa ya kubaki na mama, na mtu hairudishi ruhusa kama hiyo kirahisi.

Siku ya mwisho ya ubishi, maji yalinifika shingoni. Nilimwambia baba yangu, kwa mdomo wangu, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ni msemo wa kila siku, watu wanatupiana sokoni wakicheka. Lakini kwenye sebule ile, mbele ya picha ya mama iliyoning'inia upande, haukuwa wa kuchekesha. Papa aliinuka, akaenda kuangalia maji ya chai ambayo hayakuwa motoni. Nilishuka nalia barabarani kama mtoto aliyepoteza kalamu, na watu wa Kadutu waliniuliza maman, kuko nini.

Ijumaa moja alasiri, mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi na anga limebaki zito, nilifunga godoro langu la sponji kwa kamba, nikamwambia mume wangu naenda kulala kwa Papa hadi Papa atakapohama. Hakuuliza maswali, alinisaidia kulifunga. Kutoka Mudaka hadi Kadutu kwenye moto na godoro mgongoni: upepo ulipolishika, dereva aliniambia nilikalie au nilitupe. Watu walitupigia kelele njia nzima. Sikuwa na mpango wa kumtisha Papa. Nilikuwa nimechoka kuwa salama peke yangu, basi, na hilo ndilo lote nililokuwa nalo.

Nilimkuta barazani. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa neno la mara ile. Halafu nikamwambia nimekuja kukaa. Kama ni mambo ya miaka milioni, nikasema, iko nafasi ya wote wawili.

Alifurahi. Lazima niseme ukweli, alifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni wa sikukuu. Akasema atatafuta mboga ya lenga-lenga kwa jirani, atapika mwenyewe, akanipokea godoro kabla sijalitua vizuri, akaingia nalo ndani kunitandikia.

Nilimfuata. Alienda kwanza kwenye chumba changu cha zamani. Akaliweka godoro kando ya ukuta wa dirisha, akarudi nyuma hatua moja kulitazama, kama anavyotazama tofali aliloliweka. Akainua macho kwenye kona. Akalivuta godoro hadi ukuta wa pili. Akagonga ukuta ule kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga chini kidogo. Akalivuta tena katikati, akatazama boriti iliyo juu ya katikati. Akalitoa.

Sebuleni alilishikilia tu, hakulitua. Alitembeza macho kutoka kiraka hadi kiraka, na midomo yake ilikuwa inasoma tarehe. Nikasema hapa panatosha, Papa. Akaingia stoo ya mama, akatoka.

Kikabaki chumba chake. Nikamwambia nitalala chini, kando ya kitanda chake, hakuna neno. Akasimama mlangoni. Alikitazama kitanda kile, alichokilalia tangu mama aondoke, kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Ukuta wa kichwani ulikuwa na viraka vitatu, vyote vimegawanyika, na ukuta wenyewe ulikuwa umeinama kuelekea mto. Hakuwa na haja ya kuugonga. Alisimama pale, godoro limemfunika hadi kidevuni, na nyumba nzima aliyoijenga ilikuwa haina mahali pa kumlaza binti yake.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na somo.

"Mi mwenyewe, nilikuwa na miaka milioni," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Ya kukupatia weye, siko na hata usiku moja."

Akachukua koti lake na picha ya mama, akanipa mimi picha. Halafu akajitwika godoro kichwani, akatangulia kushuka kuelekea barabarani, akiniambia kila baada ya hatua mbili niangalie mahali pa kukanyaga.